Mafuta Mlangoni mwa Hajati

Siku ile nilimkuta Hajati ameketi nje ya duka letu juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wa chuma bado umefungwa. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Hajati ni mtu wa kufungua mapema. Mchelewaji ni mimi, maana natoka Luzira, na foleni ya asubuhi ya kule haina adabu. Siku za kawaida nikifika Nakivubo, katikati ya Kampala, namkuta ameshatundika kanzu na hijabu zake, amepanga zile kawa za rangi za kufunikia chakula wanazofuma dada zake, na ananipokea kwa maneno: "Mkenya, umeamka, au tukuletee chai kitandani?" Siku hiyo alinyoosha kidole tu.

Mlango ulikuwa umepakwa mafuta. Yalipakwa juu, yakapakwa pande zote mbili, yakatiririka mpaka chini na kushika vumbi la usiku kucha. Kizingitini palikuwa pamemwagwa chumvi ya mawe kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Nimelogwa," Hajati alisema. Hakusema kwa kelele. Alisema jinsi mtu anavyosema ameibiwa.

Nilitazama korido yetu. Mlango wa muuza mazulia ulikuwa na mafuta. Wa muuza udi na marashi, mafuta. Wa yule mzee wa kofia za kufuma, mafuta na chumvi. Lakini wa muuza shuka, ambaye ameandika mstari wa Zaburi juu ya duka lake, ulikuwa mkavu kabisa. Wenye milango iliyopakwa walisimama mbali nayo, mikono nyuma, hakuna aliyethubutu kugusa hata kufuli.

Mimi nilisogea nikanusa. Yalinukia waridi. Mafuta hayo nayajua. Huuzwa kwenye vichupa vidogo baada ya maombi ya mchana, ghorofa ya juu kabisa ya jengo letu, na mimi ni mmoja wa wanaopanda kwenye maombi hayo.

"Hajati, huu si uchawi," nikasema, na mdomo ukaendelea kabla sijaupa ruhusa. "Haya ni mafuta ya watu wetu. Wale wa maombi."

"Watu wenu?" Aliinuka kwenye ndoo. "Wamepaka ya nini?"

"Ya kuombea."

"Kuombea nini?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Kufukuza mapepo," nikasema.

Hajati alinikazia macho. Ni mwanamke mkubwa, Mnubi wa ukoo wa askari, na akikutazama hivyo unajikuta umenyooka bila kuambiwa. "Mkenya," akasema, "katika hii duka ni mimi na wewe tu. Sasa pepo ni nani?"

Lazima nieleze tulivyokuwa tunaishi, ili ieleweke kwa nini swali lile lilinichoma. Duka lile ni moja lakini lina pande mbili. Mkataba uko kwa jina la Hajati. Yeye anauza mavazi na kawa, mimi nina vyerehani viwili na ninashona sare za shule. Nilipokuja Kampala kumfuata mume wangu, na mume mwenyewe akaniacha nikiwa bado sijajua hata kuuliza bei kwa Kiganda, Hajati ndiye aliyenikatia nusu ya duka lake bila kunijua. Alisikia Kiswahili changu kwenye korido, akaniita, akaniuliza kama nimekula. Basi. Tangu hapo tumefungua na kufunga pamoja, tumegombana kuhusu redio, tumezikiana watu.

Siku tulipoyakuta mafuta, shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Huo ndio msimu wangu. Nikiukosa, mwaka mzima nakula kwa shida. Na mkataba wa duka ulikuwa unaisha. Jioni ileile Hajati alitakiwa kumwambia mwenyekiti wa jengo kama mkataba mpya utakuwa na mimi ndani yake au bila mimi. Mpwa wake, anayeuza vifuniko vya simu ghorofa ya chini, alikuwa ameitamani nusu yangu kwa muda mrefu, na sikuwahi kuogopa, kwa sababu Hajati alikuwa akimcheka tu. Asubuhi hiyo niliogopa.

Mpwa huyo ndiye aliyetokea na simu mkononi. "Shangazi, tazama," akasema.

Ilikuwa video. Kaka mmoja wa maombi yetu, yule anayeshika kipaza sauti, anatembea kwenye korido jioni wakati maduka yamefungwa, wenzake wanne nyuma yake na chupa za mafuta. Anapiga kelele kwamba jengo hili limekombolewa, kwamba kila madhabahu ya giza inaanguka. Kisha anasimama mbele ya mlango mmoja na kuupigapiga kwa kiganja. Mlango wetu. Na juu ya kichwa chake, wazi kabisa, kibao changu: SARE ZA SHULE, pamoja na namba yangu ya simu.

"Huyu Mkenya alijua," mpwa akasema. "Namba yake iko hapo. Anasali na wao."

"Funga mdomo," nikamwambia. "Ningejua ningewavunja miguu."

"Si watu wenu? Nyinyi walokole mko hivyo. Kila siku mnatutukana na hicho kipaza, leo mmetufikia mlangoni."

Na alikuwa amesema kweli aliyoisikia kwa masikio yake. Sisi tunaopanda juu mchana ni wengi, tunajaza ukumbi mpaka wengine wanasimama kwenye ngazi. Wengi wetu tunaomba kimya, tunashuka, tunarudi kazini. Kuna wanaokwenda gereza la Luzira Jumapili na sabuni na sukari kwa wafungwa wasio na ndugu, na hakuna anayepiga picha. Kuna waliomchangia muuza udi, Mwislamu, mwanawe alipolazwa. Lakini ni nani ameona hayo? Wanaoonekana na kusikika ni wale watano. Spika yao imeelekezwa dirishani, chini kuna Nakivubo nzima, na Nakivubo nzima inasikia kwamba Mtume wa watu ni mwongo na mama wa hijabu anakwenda motoni. Mimi nilikuwa nimeshagombana na kaka wa kipaza kuhusu lile dirisha, si mara moja. Kila mara aliniambia Wakenya tuna kiburi. Wenzangu walinivuta gauni nikae.

Basi mlango ukabaki umefungwa. Hajati hakutaka kuugusa, alihofia kilichomo ndani ya mafuta. Waislamu wengine hivyohivyo. Nikamwambia muuza shuka, mwenzangu wa maombi, anisaidie ndoo ya maji na sabuni tuufute. Alirudi nyuma kama nimemwambia ashike nyoka.

"Dada, kuufuta upako!" akanong'ona. "Yameombewa. Tukiyafuta laana inatugeukia."

Fikiria hali hiyo. Hawa wanaogopa kugusa kwa sababu ni uchawi, na wale wanaogopa kufuta kwa sababu ni takatifu. Mlango mmoja, mafuta mamoja, na msimu wa sare unapita. Wamama walikuja na watoto wao wapimwe, wakaona chumvi, wakawashika watoto mikono na kuondoka haraka. Mmoja alishangaa kwa Kiganda, "banange!", akajifunika mdomo kwa leso. Nilihesabu moyoni waliogeuka, kisha nikaacha kuhesabu maana nilikuwa nalia kwa hasira.

Nikapanda juu.

Maombi yalikuwa yameshaanza. Kaka wa kipaza alikuwa mbele, shati limemlowa, anashuhudia ushindi wa jana. Niseme haki yake: si mnafiki yule. Pombe ilikuwa imemmaliza, akaokoka, akaacha siku moja na hajarudia. Anaamini kila neno analosema, na hilo ndilo linalonitisha kwake. Nilipita katikati ya watu mpaka mbele. Nikasimama karibu naye kiasi kwamba kipaza kilianza kupiga mluzi.

"Umepaka mlango wangu," nikasema.

"Bwana asifiwe, dada! Duka lako limebarikiwa."

"Limefungwa. Hajati ameketi nje juu ya ndoo. Unajua Hajati ni nani? Ndiye aliyenilisha mimi, Mkristo, nilipokuwa sina mtu hapa. Umemwita pepo mbele ya watu."

"Mimi napigana na roho, dada, sipigani na mtu." Akageukia ukumbi. "Mnaona? Adui anatumia hata walio ndani. Dada anaionea aibu Injili!"

"Nakuonea aibu wewe!" nikamwambia, na sauti yangu ikaingia kwenye kipaza ikatoka dirishani. Watu wakashtuka. Nikawageukia. "Haya, semeni. Mafuta yale ni ya kwenu? Kuna hata mmoja aliyeulizwa? Nani atashuka na mimi amwambie yule mama kwamba sisi hatukumtuma huyu?"

Walikuwa pale watu ninaowajua kwa miaka, watu wazuri, haki ya Mungu ni wazuri. Wakatazama viatu vyao. Mama mmoja akaanza kuimba polepole ili ugomvi uishe, na wengine wakaufuata wimbo kwa furaha ya kupata pa kujificha. Nikashuka ngazi huku wananiimbia mgongoni.

Alasiri mwenyekiti akaja. Ni Muganda mpole, mzungumzaji wa taratibu, na Kiswahili hukitoa akikasirika tu, kama askari wengi wa zamani wa hapa, waliojifunza jeshini. Nilipomsikia anakuja akiongea Kiswahili tangu kwenye ngazi nilijua mambo yameharibika. Nyuma yake walikuja kaka wa kipaza na wenzake, amewaita. Na nyuma ya hao, kwenye ngazi, wakajaa wale wa maombi. Walikuja kutazama. Hakuna aliyeshuka ngazi ya mwisho.

"Nani anareta mafuta hapa?" mwenyekiti akauliza. "Hapa ni duka, si kanisa, si msikiti. Sema!"

Kaka wa kipaza akaanza kueleza kuhusu Yeriko. Mwenyekiti akamnyang'anya kipaza mkononi, kile kisicho na waya, spika yake bado inavuma kule dirishani. Wenye maduka wakapiga kelele, mmoja anataka maombi yafungwe kabisa, mwingine anataka walokole wote wahamishwe, na mpwa wa Hajati anasema waanze na Mkenya. Mwenyekiti akanyoosha mkono, wakatulia. Akamgeukia Hajati.

"Hajati, duka ni yako. Mkataba ni leo. Huyu Mkenya anakaa au anatoka?"

Nilidhani atasema moja kwa moja kwamba nakaa. Badala yake alinitazama, na macho yake yalikuwa na maji, jambo ambalo sijawahi kuona hata tulipomzika dada yake.

"Mimi namjua huyu," akasema. "Huyu hana shida. Lakini kila siku ananiambia mimi, Hajati, hao ni wachache, wengine wote ni kama mimi. Kila siku. Mimi nakaa hapa chini nasikia. Natukanwa mimi, anatukanwa Mtume wangu, kila mchana. Hao wengi wako wapi? Mimi sijasikia hata mmoja." Akashika kifua. "Kama ni yeye peke yake, basi ni yeye peke yake. Nitaogopa. Siwezi kulala na mlango inapakwa. Itabidi atoke."

Sikumlaumu. Ningemlaumu vipi?

Nikachukua ndoo aliyokuwa ameikalia, nikaenda bombani mwisho wa korido, nikarudi na maji na kipande cha kitambaa cha sare. Nikapiga magoti mlangoni. Kaka wa kipaza akapaza sauti kwamba atakayefuta upako atajibu mbele za Mungu. Nikamjibu kwamba nitajibu, asinisubirie. Lakini msinione shujaa. Nimekulia katika hofu hizohizo, na ile chumvi niliizoa kwa viganja nikiwa nimefumba macho. Nilisugua. Yale mafuta yalikuwa yameganda na vumbi, hayatoki kirahisi.

Nikasugua peke yangu. Nasikia kitambaa changu tu. Nilikuwa nimefika nusu ya mlango na nilikuwa nimeshakubali, moyoni nahesabu ni nani wa kunisaidia kubeba vyerehani, niliposikia mtu anavua viatu.

Alikuwa muuza shuka. Yule aliyeniambia itatugeukia. Amevua viatu vyake vizuri akaviweka pembeni, amefunga leso kiunoni, amechana shuka mpya ya dukani mwake vipande viwili. Hakunitazama. Alipiga magoti kwenye mlango wa muuza udi akaanza kusugua, na midomo inaomba haraka haraka, kwa hofu. Kisha mzee mmoja wa ngazini akashuka. Kisha wawili. Kisha sikuweza kuona vizuri kwa machozi.

"Ngoja," Hajati akasema.

Wote wakaacha kusugua.

"Kufuta mnafuta kimya," akasema. "Kutukanwa nilitukanwa kwa kelele." Akamwendea mwenyekiti, akachukua kipaza mkononi mwake, akakipeleka moja kwa moja kwa muuza shuka. "Sema. Sema na hii. Wasikie wale wote waliosikia."

Muuza shuka ni mwanamke ambaye hata bei yake unaisikia kwa kumkaribia. Alikishika kipaza kwa mikono miwili iliyojaa povu. Kilipiga mluzi akakiachia karibu kianguke. Kaka wa kipaza akamwita kwa cheo chake cha kanisani, akamwambia akumbuke anasimama upande gani. Mwanamke akamtazama yule kaka, akatazama ngazi zilizojaa, akatazama chini. Nilidhani ndio basi.

"Mimi nauza shuka," akasema. Sauti ikatoka kubwa, yeye mwenyewe akashtuka. "Mimi ni Mkristo. Sikumtuma mtu." Akameza mate. "Hajati si pepo."

Chini Nakivubo ilisikia. Najua, kwa sababu makelele ya wapiga debe yalikatika kidogo, na kuna mtu alicheka, na mwingine akauliza Hajati ni nani. Muuza shuka akampa kipaza mzee aliyekuwa nyuma yake. Mzee akasema hilohilo. Mwingine akalisema kwa Kiganda. Wengine walibaki ngazini mpaka mwisho hawakusema, na wengine walipanda juu tena, nisidanganye. Lakini mstari wa waliosema ulifika mpaka mlango wa mzee wa kofia.

Hajati alitoa ufunguo kwenye kifua cha gauni lake. Akaufungua mlango yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ungali umelowa. "Andika yeye anabaki," akamwambia mwenyekiti. Mpwa wake akaondoka bila kuaga.

Hayo yalipita. Maombi ya mchana bado yapo, dirisha limefungwa, kaka wa kipaza amehamia jengo lingine pamoja na wenzake, na huko ana watu wengi zaidi kuliko sisi. Video yake inazunguka mpaka leo. Ya muuza shuka na povu mikononi, mpwa wa Hajati mwenyewe aliirekodi, lakini hakuna aliyeitaka. Nilimwomba anitumie, nikaituma kila mahali ninapopajua, kimya. Nilikasirika mpaka nikachoka.

Juzi akaja mama mmoja na binti wa kupimwa sare, mama wa hijabu ndefu. Alisimama mlangoni hakuingia. Akaangalia kibao changu, akaangalia kalenda ya kanisa juu ya cherehani yangu, akamvuta mtoto nyuma.

"Si hapa ndipo kwa wale wa mafuta?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, nimeshaitoa mara nyingi sana mpaka naijua kwa moyo, na nilikuwa nimechoka nayo. Hajati alinitangulia kutoka upande wake, bila hata kuinua macho kwenye kanzu aliyokuwa anaikunja.

"Wale walikuwa watano," akasema. "Huyu ni wa hao wengine. Mlete mtoto apimwe."